Sijakuamini, Rudia

Mwandishi alianza kuogopa siku ile mdogo wake alipocheka.

Mdogo mtu hakuwa amecheka tangu ahamie pale. Alifika asubuhi moja na mfuko wa nguo na jino la mbele lililovunjika, akapewa chumba cha nyuma, na tangu hapo alikuwa akitembea ndani ya nyumba ya dada yake kama mgeni aliyeonywa asiguse kitu. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na utotoni alikuwa na kelele na utundu wa kila namna. Sasa Jumamosi hiyo jioni wamekaa jikoni wanasikiliza mchezo wa redio alioutunga dada mtu, na ndani ya redio Seremala, mume wa mchezoni, amemwona kuku. Mwanaume mzima, mabega ya kubebea magogo, mbabe anayeogopwa na mtaa mzima, kapanda juu ya meza anapiga kelele aondolewe kuku. Kitinda alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini.

"Ni yeye," alisema huku anajifuta machozi. "Dada, ni yeye mtupu!"

Dada mtu naye akacheka, maana kazi yake ilikuwa imesifiwa, na mtu akisifiwa hucheka. Lakini huyo "yeye" alikuwa shemeji yake, mume wa Kitinda, fundi umeme, aliyelivunja lile jino. Na mdogo wake alikuwa amemtaja kwa sauti ya mtu anayemkumbuka jirani mwema.

Tuseme ukweli, aliyataka mwenyewe. Kituo cha redio kilimwajiri aandike mchezo wa kila wiki kuhusu mwanamke anayepigwa na mumewe, ili wanawake wa aina hiyo wasikie, wafungashe, waondoke. Kazi njema, nani ataipinga? Akamtengeneza Seremala wake wa kwanza kwa hasira zote alizokuwa nazo juu ya shemeji. Seremala yule alitukana tangu alfajiri, akapiga mateke milango, akamwaga chakula, akanguruma. Mwandishi alipozipeleka kurasa zake kwa mtayarishaji wa mchezo alikuwa anajisikia amelipiza kisasi.

Mtayarishaji alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani juu ya kipara, na kituo kizima kilimwita Bwana Kata kwa sababu hapakuwa na kitu alichopewa asikikate. Alisoma, akavua miwani, akamtazama kwa huruma ambayo mwandishi hakuipenda hata kidogo.

"Huyu si mtu," alisema. "Hii ni ngumi yenye miguu. Sasa niambie, mama, nani anakubali kuolewa na ngumi? Huyu mwanamke wako alimpendea nini? Maana usiponijibu hilo, mimi simwamini. Na mimi nisipomwamini, msikilizaji atageuza stesheni akasikilize mpira."

Hilo la kuamini lilikuwa wimbo wake. Mwigizaji akisoma maneno kwa uvivu, Bwana Kata alinyoosha kidole na kusema, "Sijakuamini, rudia." Mtu akichelewa na kusingizia foleni, "Sijakuamini, rudia." Hata mfagiaji akisema studio imeshafagiliwa aliambiwa vivyo hivyo, akacheka, akarudi na ufagio. Kituo kizima kilishika msemo huo, na mwandishi akaubeba mpaka nyumbani kwake.

Alirudi na kurasa zake, akakaa mezani, akakwama. Angejulia wapi mtu wa namna ile anapendewa nini? Marehemu mumewe alikuwa mpole kupindukia, na ugomvi wao mkubwa maisha yote ulikuwa dirisha la chumbani lifungwe au liachwe wazi. Lakini chumba cha nyuma kilikuwa na mtu anayejua. Basi siku moja, wanamenya viazi, akauliza kana kwamba neno limemponyoka tu.

"Hivi, Kitinda, shemeji alikuwa na zuri gani?"

Kitinda aliacha kumenya. Alimtazama dada yake muda mrefu, kisha akatazama chini.

"Anaogopa kuku," alisema.

Likatoka hilo, yakafuata mengine, kidogo kidogo, kila siku moja au mawili, kwa sababu kila siku aliulizwa. Kwamba akimpa mtu chai huipuliza kwanza mpaka ipoe, ndipo ampe. Kwamba anapiga pasi nguo zake mwenyewe huku anaimba nyimbo za kujitungia, sauti imepinda haifai. Kwamba akirudi kazini neno la kwanza ni "umekula?" Mwandishi aliyapokea yote kwa shukrani, akakimbilia mezani kwake, akamvisha Seremala. Na Seremala akasimama. Akapata pumzi, akapata harufu ya mbao. Bwana Kata alipomsoma tena hakukata hata mstari, jambo ambalo mkongwe yeyote wa kituo angekwambia halijawahi kutokea.

Kisha yalikuwepo mazoezi. Mwandishi huyu alikuwa na desturi yake: maneno ya watu wawili hayaamini mpaka ayasikie yakisemwa na watu wawili. Zamani alimsumbua marehemu. Sasa akamsumbua Kitinda. Walikaa mezani baada ya kazi za nyumbani, yeye anasoma Seremala, mdogo wake anasoma mke. Kitinda akisoma kwa sauti kavu, dada mtu alitikisa kichwa.

"Sijakuamini. Rudia."

Kitinda alirudia.

"Bado. Weka moyo. Rudia."

Na Kitinda alirudia tena, mara nyingi kadiri alivyotakiwa, bila kulalamika. Mwandishi alidhani kazi ile inamsaidia. Inamtoa chumbani, alijiambia, inampa la kufanya.

Wasikilizaji walimpenda Seremala. Mwandishi hakutegemea hilo, wala hakulipenda. Mwigizaji wake akipita dukani alipewa sukari ya bure. Ujumbe ulimiminika kituoni, na karibu wote ulimtetea: ana hasira, lakini ana moyo; mkewe ndiye mwenye kiburi; mtu anayepuliza chai ya mkewe utamwacha vipi? Bwana Kata alikuwa anatembea juu ya vidole kwa furaha. Mwandishi yeye alianza kukosa usingizi, na baada ya kile kicheko cha Jumamosi alianza kukosa hata hamu ya kula.

Maana mdogo wake hakuishia kucheka. Kitinda alianza kupokea simu uani, karibu na kamba ya nguo, mgongo ameuelekeza nyumbani. Dada mtu akitokea mlangoni, maneno yalikatika. "Nani huyo?" "Rafiki tu." Rafiki gani wa kunong'onezwa? Kisha Kitinda akafua nguo zake zote siku moja, hata zile ambazo hazijavaliwa. Kisha mwandishi alipoingia chumba cha nyuma kufagia akasukuma ufagio chini ya kitanda, ufagio ukagota. Aliinama. Mfuko ulikuwa umejaa, umefungwa zipu.

Alikaa juu ya kitanda kile. Anarudi, alijiambia. Anarudi kwake, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Kila siku nimekuwa nikimwomba amkumbuke kwa uzuri, naye amekumbuka. Nilimtoa nyoka pangoni nikampaka mafuta. Safari iliyopita lilikuwa jino. Safari ijayo, na hapo akili yake ilikataa kuendelea, ikaanza upya, ikafika palepale, ikakataa tena. Aliogopa kumuuliza Kitinda moja kwa moja. Mtu anayetaka kuondoka ukimuuliza kama anaondoka, huenda ukawa umemfungulia njia. Basi akafagia, akaurudisha ufagio mahali pake, akanyamaza na hofu yake.

Na wakati huohuo Bwana Kata akaja na lake.

"Wiki ijayo aombe msamaha," alisema. "Aende mlangoni, amwombe mkewe radhi. Lakini msamaha wa kweli, mama. Nataka mtu aliyeko jikoni aangushe sufuria. Na mke amfungulie."

"Kisha wiki inayofuata ampige tena," mwandishi alisema. Ndivyo walivyokuwa wamepanga tangu mwanzo. Utamu ulikuwa mtego, na mtego ungefyatuka baadaye, ili msikilizaji aumie na ajifunze.

"Kisha ampige tena, bila shaka. Lakini wiki hii, utamu mtupu. Usidokeze chochote."

Akauandika. Angeandika vibaya angekuwa amemwokoa nani? Alijaribu kabisa kuuandika vibaya, na mkono ulimkatalia. Waandishi ndivyo walivyo, nyumba ikiungua atasimama kwanza atafute neno la kuuelezea moshi. Seremala wake alisimama mlangoni na kusema: "Sikuja kumchukua mtu. Nimekuja kumrudisha yule uliyempenda, kama bado unamtaka. Ukisema niondoke, nitaondoka." Na mke akajibu, baada ya kimya kirefu: "Ingia. Nyumba ni yako."

Walipofanya mazoezi, Kitinda aliisoma ile "Ingia" mara ya kwanza kama mtu anayesoma kibao cha duka.

"Sijakuamini," alisema dada mtu. "Rudia."

Akarudia. Akarudishwa. Mwishowe sauti ilimpasuka katikati ya neno, ikatoka nyembamba, na machozi yakamlengalenga. Mwandishi alipiga meza kwa kofi. "Hapo! Hapo nimekuamini!" Furaha ile haikumaliza hata dakika, ikageuka barafu kifuani. Mbona imetoka kweli namna ile? Mtu hutoa sauti ile akiwa hasomi.

Kesho yake alikimbilia kituoni, akamsihi Bwana Kata asiutangaze mchezo ule, au aukate. Bwana Kata, ambaye maisha yake yote alikuwa anatafuta cha kukata, safari hii aliukumbatia ule mchezo kama mwanawe. "Nikate nini hapa? Nimelia mimi, mama. Mimi!" Ukatangazwa Jumamosi. Mwandishi alisingizia kuumwa kichwa, akazima redio ya jikoni. Lakini redio ya jirani haikuzimwa, na sauti ya Seremala ilipanda ukuta ikaingia uani kwake, laini, bila haraka. Kitinda alikuwa anaanua nguo. Aliendelea kuanua.

Jumapili alasiri geti liligongwa.

Uani kwa mwandishi palizungushiwa ukuta wa matofali, na geti lilikuwa la bati zito lililofungwa kwa ndani na kufuli. Aliye nje haonekani, isipokuwa viatu, kwa sababu chini ya bati palikuwa na nafasi ya kupita paka. Kitinda alikuwa ndani. Kwa jirani, fundi wa kuchomelea alikuwa kazini kama kawaida yake, Jumapili kwake ni siku kama nyingine, na mashine yake ilikuwa inanguruma. Mwandishi alitoka na taulo la vyombo begani, akaona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri, vimesimama vimekaribiana.

"Hodi, shemeji," sauti ilisema. "Ni mimi."

Alitaka kusema nenda zako, tutaita watu, na ulimi ukamkatalia.

"Najua unanisikia. Sitaki ugomvi, shemeji. Nimekuja mikono mitupu." Viatu havikusogea. "Nisaidie kumwambia neno moja tu mke wangu. Mwambie sikuja kumchukua mtu. Nimekuja kumrudisha yule aliyempenda, kama bado anamtaka. Akisema niondoke, nitaondoka."

Mwandishi aliyatambua. Yalikuwa maneno yake, aliyoyatafuta mezani huku anatafuna kalamu. Mwizi huyu hakuona hata haya kuyabadilisha. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hangemweleza mtu yeyote, hata kama angelipwa: yalimwingia. Alijua ni ya uongo, alijua yametoka wapi, na bado yalimwingia. Shemeji aliyasema vizuri kuliko mwigizaji. Alipumzika mahali pa kupumzika. Kwenye "kama bado anamtaka" sauti ilimtetemeka kidogo, vile mwandishi alivyokuwa akimwomba mwigizaji aitetemeshe akashindwa.

"Umekonda, shemeji?" aliuliza, na swali lenyewe lilimshangaza.

"Sili," ile sauti ilisema. "Napika chai, naipuliza, nakumbuka hayupo wa kumpa."

Masikini, aliwaza mwandishi. Ndiyo, aliwaza hivyo. Alimwona Seremala, yule mtu aliyeishi naye miezi yote ile mezani, aliyemjua mpaka namna anavyokunja mikono ya shati, anayeogopa kuku. Mtu kama huyo anaweza kubadilika. Si yeye mwenyewe aliyemtengeneza aweze? Labda wakae chini wazungumze, yeye akiwa katikati, mkubwa wa nyumba. Labda hofu yake yote ilikuwa ya bure. Akaingia ndani, akachukua ufunguo wa kufuli msumarini, akatoka tena, na alikuwa ameshalishika kufuli aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada. Weka huo ufunguo."

Kitinda alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango. Uso wake ulikuwa umekauka, hauna damu, na mikono ameikumbatia kifuani. Lakini sauti ilitoka nzima.

"Mke wangu," viatu vilisema, vikasogea hatua moja.

"Unaomba msamaha wa nini?" Kitinda aliuliza.

Viatu vilikwaruza udongo.

"Wa yote," alijibu.

"Taja moja."

"Yote, mpenzi. Yote yaliyotokea."

"Yaliyotokea yapi? Mimi nataka moja tu. Lolote."

Mwandishi alisikia jinsi ile pumzi ya nje inavyobadilika. Mchezoni hapakuwa na swali hilo. Yeye hakulifikiria, Bwana Kata hakulifikiria, na mwanaume aliyeko nje hakuwa na jibu la kuazima. Alikohoa. Akacheka kidogo.

"Mambo ya chumbani tunayatoa uani sasa? Mbele ya shemeji?"

"Taja."

"Fungua geti tuongee kama watu."

"Taja kwanza."

"Fungua." Sauti haikupanda, ila ililainika zaidi, na ulaini wenyewe ulikuwa mwingine, haukuomba tena chochote. "Fungua wewe, nisije nikaingia mwenyewe. Unanijua nikiingia mwenyewe."

Kisha bati likapigwa teke. Geti zima lilipiga kelele, kufuli likaruka mkononi mwa mwandishi likamkwaruza vidole. Likapigwa tena. Mwandishi alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta, na hofu iliyomshika safari hii ilikuwa na uzito wake, ya mtu anayejua sasa kilichoko nje. Hakuwa ameiandika sauti ile hata mara moja. Kwenye kurasa zake zote Seremala akikasirika alipiga kelele. Huyu alikuwa anazungumza taratibu huku anapiga mateke, kila neno limenyooka, anamweleza mkewe atakachomfanya.

Kwa jirani mashine ilinyamaza. Geti la huko lilifunguliwa, na viatu vizito vya kazi vikatokea kando ya vile vilivyong'arishwa.

"Vipi, bwana?" fundi wa kuchomelea aliuliza. "Kuna tatizo na hilo geti? Maana nimelitengeneza mimi, kama linakusumbua niambie."

"Hakuna tatizo, kaka." Sauti ilirudi kuwa tamu palepale, bila hata kutafuta njia. "Nimekuja kuwasalimia ndugu zangu tu. Naona wamelala. Nitarudi siku nyingine."

"Sawa. Ngoja nikusindikize mpaka barabarani."

Viatu viliondoka, jozi mbili, moja nyuma ya nyingine.

Mwandishi aliketi chini palepale ukutani, juu ya saruji, taulo bado begani. Kitinda hakuja kumshika. Alibaki kwenye ngazi.

"Ungemfungulia," Kitinda alisema.

Mwandishi alifungua mdomo akanushe. Alitazama ufunguo kiganjani mwake.

"Ndiyo," alisema. "Ningemfungulia. Nisamehe, mdogo wangu. Nilidhani wewe ndiye utakayemfungulia. Kicheko, zile simu zako za uani. Mfuko chini ya kitanda, niliuona. Nilidhani unarudi kwake, nikaogopa mpaka nikawa silali."

"Kwake?" Kitinda alimtazama kana kwamba amesikia lugha ngeni. "Dada, mimi naondoka kwako."

Mwandishi hakuelewa.

"Tangu nifike hujaniuliza hata mara moja alinifanya nini," Kitinda alisema. "Kila siku, shemeji alikuwa na zuri gani. Kila siku. Nikakupa, maana nakula chakula chako nalala kwenye kitanda chako, ningefanyaje? Nikawaza, dada anamtaka arudi. Anapatanisha. Siku moja nitatoka chumbani nimkute amekaa hapo jikoni anapuliza chai."

"Ilikuwa kwa ajili ya mchezo, Kitinda. Ilikuwa kazi."

"Hata nilipocheka siku ile, nilicheka kwa woga. Nilijisikia naye yumo humu ndani." Akashuka ngazi moja, akaketi juu ya ngazi ya chini, mbali na dada yake. "Alikuwa ananifungia stoo. Nje ya mlango anakaa, mpole, anauliza kama nimemsamehe. Nikisema nimekusamehe, anasema, hapana, hiyo haijatoka moyoni. Sema tena. Nasema tena. Anasema, bado sijaridhika, sema vizuri. Mpaka usiku unaingia nasema tu. Siku niliyochoka nikanyamaza, ndiyo siku ya jino."

Mwandishi alisikia sauti yake mwenyewe mezani, jioni baada ya jioni, na kofi lake la furaha juu ya meza. Alitaka kuiziba ile sauti kwa mikono. Aliuma taulo.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mwishowe, na aliona jinsi swali lilivyo la aibu kabla halijamaliza kutoka.

"Ulikuwa unasema weka moyo."

Fundi wa kuchomelea aligonga kwa kucha, akasema nje ya geti kwamba yule bwana amepanda gari, kwamba amehakikisha kwa macho yake, na kwamba yuko hapo kazini kama watamhitaji. Mwandishi alimshukuru kwa sauti ya kukwama. Kitinda aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko.

"Nimepata kazi," alisema. "Na chumba, kwa mtu niliyefanya naye kazi zamani. Ndiye niliyekuwa naongea naye. Nilitaka niondoke kesho, lakini bora leo, kabla hajarudi."

"Wapi?"

"Sikwambii, Dada."

"Kitinda. Mimi ni dada yako."

"Najua." Machozi yalimjaa, lakini hayakumwagika. "Si kwamba una roho mbaya. Una roho nzuri, na hiyo ndiyo inayonitisha. Atakuja tena. Atakuja amejifunza, safari hii atakuwa na la kutaja. Atalia. Utamwonea huruma, utamwambia nilipo, na utakuwa unadhani umenisaidia."

Mwandishi alitaka kuapa. Maneno ya kiapo yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, yamepangika, kila moja mahali pake. Aliyasikia yalivyo mazuri, akaogopa, akayameza.

Alisimama akalifungua kufuli. Walikumbatiana getini. Kitinda alikuwa mwepesi, mifupa mitupu, na moyo wake ulikuwa unapiga mbio kama wa dada yake. Kisha Kitinda akaweka mfuko begani na kuvuka kizingiti.

Mwandishi alilivuta bati, akalifunga, na kabla hajasikia hatua ya kwanza akageukia ukuta, akaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili, asije akajua mdogo wake ameelekea upande gani.